Mchungwa wa Matunda Matatu Uani



Mvua zimekolea, ardhi imelainika, na kando ya barabara zetu miche imepangwa kwenye vifuko vyeusi. Katikati ya miche hiyo, siku hizi utaona mmoja unaouzwa ghali kuliko wenzake. Una matawi matatu, kila tawi limefungwa uzi wa rangi yake, na muuzaji anakueleza bila kusita: hili chungwa, hili chenza, hili limau. Hakuna uchawi hapo wala utapeli, mradi aliyeubebesha mche huo ni mkweli. Kwa mtu wa mjini mwenye ua wa hatua chache tu, mti wa namna hiyo ni neema. Unapata tunda la watoto, tunda la chai ya jioni na tunda la kukamulia samaki, na vyote vimechukua kivuli cha mti mmoja.

Lakini aliyeubebesha alifanya kazi yake kwa muda usiofika saa moja. Wewe utakaa na mti huo miaka 20, pengine na zaidi, na sehemu kubwa ya kazi itakayokungoja ni moja: kumzuia mwenye nguvu asimmeze mnyonge. Nimeona miti mingi ya matunda matatu ambayo baada ya miaka mitano ilibaki na tunda moja. Mwenye nyumba hulaumu mche, humlaumu muuzaji, na wakati mwingine hulaumu jicho la jirani. Mara nyingi mche ulikuwa mzuri. Ulikosa mtu wa kuamua ugomvi ndani yake.

Tuanzie chini. Katika mikoa yetu ya pwani, Tanga na Muheza yake, Zanzibar, hata Kilifi na Kwale kwa ndugu zetu wa Kenya, shina la chini la mchungwa uliobebeshwa mara nyingi ni mlimau wa mbegu, ule wenye limau kubwa la ganda la makunyanzi. Wakulima waliupenda kwa sababu mizizi yake huenda mbali, hustahimili mchanga na ukame, na mti hukua haraka. Juu ya shina hilo ndipo hupachikwa jicho la chungwa tamu, jicho la chenza, au jicho la kitu kingine chochote cha ukoo huo: danzi, balungi, furungu, ndimu, kangaja. Ukoo ni huo huo, kwa hiyo hushikana. Embe halitashika hapo hata ufunge kwa mnyororo.

Akina mama wengi huniuliza kama limau halitatia ukali kwenye chungwa. Ondoa wasiwasi, mama. Mizizi hupandisha maji na chumvichumvi za udongo, na hivyo havina ladha ya tunda. Sukari hutengenezwa na majani, na ladha ya chungwa hufanyika ndani ya chungwa lenyewe. Jicho la chungwa aina ya Valencia litazaa Valencia hadi mwisho wa maisha yake, liwe peke yake au liwe limezungukwa na malimau pande zote. Shina la chini lina athari yake, sikatai: chungwa lililobebeshwa juu ya mlimau wa makunyanzi huwa na ganda nene kidogo na sukari pungufu kidogo kuliko lile lililokaa juu ya mdanzi. Lakini hilo ni kwa matunda yote ya mti, hata ule mti wa tunda moja.

Kuchanganyika kwenyewe ni jambo la nadra sana. Mwaka 1644, katika bustani moja ya Florence nchini Italia, palitokea mti uliobebeshwa ambao chipukizi lake, pale penye kiungo, lilikuwa na chembe za danzi na chembe za balungi la Kihindi lile la ganda nene, zikiwa zimelala bega kwa bega katika tawi moja. Tunda lake lilikuwa na mabaka ya pande zote mbili. Waitaliano waliuita Bizzarria, wakautunza, ukapotea, na mwaka 1980 ukaonekana tena huko huko. Karne tatu na zaidi, na bado mti huo unasimuliwa kwa sababu wenzake hawapatikani.

Sasa turudi kwenye ugomvi. Fikiria nyumba ya wapangaji yenye bomba moja uani. Kila chumba kina ndoo zake, na mwenye ndoo kubwa akiamka mapema, wengine watakuta bomba linatoa matone. Ndoo za mti ni majani. Tawi lenye majani mengi huvuta maji mengi, hutengeneza chakula kingi, huota majani mengine zaidi, na mzunguko unaendelea kwa faida yake. Limau na balungi ndio wenye ndoo kubwa. Chungwa tamu liko katikati. Chenza huenda taratibu, na kangaja ni mpole kuliko wote. Ukiwaacha wajipange wenyewe, baada ya misimu miwili mitatu ya mvua tawi la limau litakuwa limepita juu, limetanda, na chenza liko chini yake kwenye giza, majani machache ya rangi hafifu, vijiti vya ncha vimekauka.

Nenda ukalitazame tawi la limau wakati mti unachipua. Machipukizi yake hutoka na wekundu wa zambarau, yamesimama wima, marefu kama yamevutwa kwa kamba, na miiba iko tayari. Machipukizi ya chungwa hutoka ya kijani tangu siku ya kwanza. Kwa hiyo hata kama uzi wa rangi umekatika zamani, utamjua mwenye limau kwa rangi ya mchipuko. Hayo marefu yaliyosimama ndiyo ya kushughulikia. Usisubiri yawe fimbo. Yakiwa bado laini, yakate hadi kwenye tawi la pembeni linaloelekea nje, na urudie kila mchipuko mpya unapokuja. Kupogolea kidogo kidogo mara nyingi kunamtuliza mwenye nguvu. Ukimwacha mwaka mzima halafu ukamkata yote kwa panga, atajibu kwa machipukizi mengi kuliko uliyoyakata.

Na mnyonge? Huyo usimguse. Hapa ndipo watu wengi wema wanapoharibu. Wanaliona tawi la chenza limedhoofu, wanalipogolea ili lichangamke, na kwa kufanya hivyo wanamnyang'anya hata zile ndoo mbili alizokuwa nazo. Mnyonge huondolewa vijiti vilivyokufa tu, basi. Mpe nafasi ya juu na ya katikati, maana utomvu hupanda kwa nguvu zaidi kwenye tawi lililosimama. Mwenye nguvu mlaze pembeni, hata kwa kumfunga kamba na kigingi ili tawi lielekee ubavuni.

Mpe mnyonge na jua pia. Vitabu vingi vya bustani vimeandikwa Ulaya na Marekani, na vinakwambia umweke upande wa kusini. Huko jua lao la mchana liko kusini mwaka mzima. Kwetu, Tanga au Dar es Salaam, kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba jua la mchana linapita kaskazini mwetu, na ile miezi mingine linahamia kusini. Ukiwa unapanda leo, geuza mche hadi tawi la chenza liangalie kaskazini mashariki. Litapata jua la asubuhi kila siku, na jua la mchana kwa sehemu kubwa ya mwaka. Limau lipeleke upande wa ukuta. Litafika tu.

Yuko mpangaji wa nne ambaye hakutajwa wakati wa kununua mche, naye ni hatari kuliko limau la kupachikwa. Ni lile shina la chini lenyewe. Nalo lina macho yake, na mti ukipata msukosuko kidogo, ukame au jeraha la jembe, hutoa maotea chini ya kiungo. Hayo hayana deni kwa mtu, yako karibu na mizizi kuliko wote, na yakiachwa miaka miwili yanautawala mti wote. Ukisikia mtu anasema mchungwa wangu uligeuka mlimau, ujue haukugeuka. Chungwa lilikufa njaa na maotea yakachukua nafasi yake. Tafuta kovu la kiungo, ambalo kwa kawaida liko kiasi cha sentimita 20 hadi 30 kutoka ardhini, na chochote kinachoota chini ya hapo kiondoe. Kikiwa kichanga kivunje kwa mkono, ukikivuta kuelekea chini, ili kitoke na kitako chake. Kisu huacha kitako, na kitako kina macho mengine. Ukiwa na shaka, pikicha jani unuse.

Kwenye maji, waliopachikwa pamoja hawakubaliani kabisa, na nakiri hapa sina dawa kamili, nina upande ninaouchagua. Chungwa la pwani linahitaji kiu kidogo. Linapitia kiangazi likiwa limekauka kiasi, kisha mvua ya kwanza ikilinyeshea linatoa maua kwa pamoja, uani kote kunanukia. Ukimwagilia kila siku mwaka mzima, chungwa litakuwa na majani mazuri na maua ya kuhesabika. Limau na ndimu vinataka maji wakati wote, na vikipewa vinazaa karibu mwaka mzima. Mimi humtazama anayenipa chakula kingi zaidi, naye ni chungwa. Kwa hiyo kiangazi napunguza maji kwa wiki kadhaa, majani yakianza kujikunja mchana narudisha kidogo ili yasianguke, na nakubali kwamba ndimu zitakuwa ndogo msimu huo.

Tena usingoje chungwa la pwani liwe la rangi ya dhahabu ndipo uchume. Rangi ile huletwa na baridi ya usiku, na usiku wetu una joto. Chungwa la Muheza limeiva likiwa kijani, kila mtu wa Tanga anajua. Kwenye mti wa aina tatu watoto huchanganyikiwa, wakachuma chenza changa wakidhani ni ndimu, na tunda la ukoo huu likishachumwa halizidi kuiva. Ning'iniza vipande vya bati vilivyoandikwa jina kwenye kila tawi. Funga kwa waya uliolegea, na uulegeze kila mwaka, maana tawi linanenepa na waya haunenepi.

Jambo la magonjwa ndilo linaloniuma zaidi, na naomba unisikilize vizuri hapa. Matawi matatu yana utomvu mmoja. Ugonjwa ulioingia kwa jicho moja utafika kwa wote. Katika mti wa kawaida, kijiti kibaya cha kubebeshea kinaua mti mmoja wa tunda moja. Hapa kinaua bustani nzima ya familia.

Chukua mfano wa tristeza. Hiki ni kirusi kinachosambazwa na vidukari, hasa wale weusi wanaojaa kwenye machipukizi ya michungwa, na pia husambazwa na mtu mwenye kisu anayekata vijiti kwenye mti mgonjwa. Kilimaliza mamilioni ya michungwa nchini Brazil tangu miaka ya 1930, kwa sababu huko ilikuwa imebebeshwa juu ya mdanzi, na chungwa juu ya mdanzi halikiwezi. Juu ya mlimau wa makunyanzi chungwa hukivumilia. Linaweza kukaa nacho miaka mingi, linazaa, linapendeza, hakuna dalili. Halafu wewe unaamua kupachika ndimu kwenye mti huo huo. Ndimu haikivumilii kabisa. Ni dhaifu kwake kiasi kwamba watafiti huitumia kupimia kama mti una kirusi. Inashika, inachipua vizuri mara ya kwanza, kisha inaanza kudumaa. Chukua jani lake uliinue mbele ya jua: utaona mishipa midogo imepauka vipande vipande, mwanga unapita. Bandua gome la kijiti, na mti wa ndani una vijishimo virefu. Fundi analaumiwa kwamba hajui kubebesha, na mwingine anaitwa kurudia, na ndimu ya pili inakufa vile vile. Kosa lilikuwa ndani ya mchungwa tangu zamani. Kama ndimu zimekataa hivyo kwenye mti wako, acha. Panda mndimu wa peke yake, mbali kidogo, na usikate tena kijiti chochote kwenye mchungwa ule kwa ajili ya kumpa jirani.

Upo pia ugonjwa mbaya zaidi, ule ambao wataalamu huuita HLB. Aina ya Kiafrika tunayo kwa muda mrefu kwenye nyanda za juu zenye ubaridi. Mdudu anayeueneza hapendi joto, na pwani tulikuwa na nafuu. Lakini mwaka 2016 watafiti walitangaza kwamba mdudu wa aina ya Kiasia amepatikana Tanzania, huko Morogoro, na huyu joto halimsumbui. Ni mdogo, milimita 3 hivi, anakaa kwenye machipukizi ameinua sehemu ya nyuma juu na kichwa chini. Ndiye aliyeangusha mashamba ya Florida baada ya ugonjwa kugunduliwa huko mwaka 2005. Mti ulioupata hauponi. Dalili yake ni majani yenye madoa ya njano yasiyolingana, upande mmoja wa mshipa mkubwa hivi na upande wa pili vile. Tunda linapinda, mbegu zinakuwa nyeusi na ndogo, maji yake yana uchungu. Njano inayolingana pande zote mbili, mishipa ikibaki kijani, ni njaa ya madini tu, kwa kawaida zinki, na hiyo inatibika kwa kunyunyizia. Jifunze kutofautisha. Ukiona ile isiyolingana, mwite bwana shamba kabla hujamwita mtu mwingine yeyote.

Ndiyo maana nasisitiza chanzo cha kijiti kuliko ustadi wa mkono. Ukitaka kuongeza aina kwenye mchungwa ulio nao, pata kijiti kwenye mti unaoujua, uliouona ukizaa kwa misimu kadhaa, au kwenye bustani ya miche inayokaguliwa. Kijiti kiwe na unene wa penseli, kiwe cha mviringo. Vile vyenye kona kona bado vichanga. Kata majani lakini acha kikonyo cha kila jani. Kisu kipitishe kwenye maji yenye dawa ya klorini ya kufulia, kipimo kimoja kwa vipimo tisa vya maji, kabla ya kila mti. Chagua wakati mchungwa unachipua, gome linapoachia kirahisi. Kata herufi T kwenye tawi, sentimita mbili na nusu, inua gome kwa mgongo wa kisu, teremsha jicho ndani, funga kwa utepe wa nailoni kuanzia chini kwenda juu, na jicho lenyewe uliache nje.

Baada ya wiki mbili au tatu gusa kile kikonyo cha jani kwa ncha ya kidole. Kikidondoka chenyewe, chekelea: jicho liko hai, limekata uhusiano na jani lake la zamani kwa hiari. Kikiwa kimekauka na kimeng'ang'ania, jicho limekufa, jaribu upande wa pili wa tawi. Anza na mnyonge, chenza au kangaja, umpe msimu mmoja mzima wa kutangulia. Mwenye nguvu aje mwisho. Matunda ya mwaka wa kwanza na wa pili yaondoe yakiwa madogo, inauma lakini yaondoe, maana kiungo kichanga hukwanyuka kwa uzito wa machungwa manne tu.

Tawi jipya lina adui mmoja wa kumwangalia kila asubuhi, yule kiwavi wa kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano. Akiwa mdogo utadhani ni kinyesi cha ndege kwenye jani. Akikua anakuwa kijani, ukimgusa anatoa pembe mbili zenye harufu kali. Mti mkubwa haumjali. Lakini tawi la chenza lenye majani 12 analimaliza kwa siku mbili, na ukilipoteza umepoteza aina nzima. Mtoe kwa mkono. Sisimizi wale wa majimoto wakiwa mtini watakusaidia kuwinda wadudu, ila hao hao hufuga wadudu wa magamba na vidukari kwa ajili ya utamu wao; mimi huwaacha kwenye mti mkubwa na kuwafukuza kwenye tawi changa.

Samadi iliyooza, ndoo mbili tatu kwa mwaka, iweke chini ya mzunguko wa majani ambako mizizi inayokula iko. Majivu ya jikoni yana sifa nzuri, lakini kwenye udongo wa matumbawe wa pwani usiyapeleke kwa mchungwa. Udongo ule tayari una chokaa nyingi, majivu yanazidisha, na ile njano ya zinki itakuja.

Shina lenyewe liache wazi. Samadi, matandazo na maji visiliguse. Mlimau wa makunyanzi, pamoja na nguvu zake zote, una udhaifu mmoja mkubwa: maji yakisimama kwenye kitako chake, gome huoza na hutoa gundi ya kahawia. Ukiwahi, kwangua hadi upate gome zima, pakaushe, na uchimbe mfereji maji yaende. Ukichelewa na nusu ya mzunguko wa shina imeoza, bado kuna njia, na ushahidi wake uko Riverside, California. Mwaka 1873 Bi Eliza Tibbets alipelekewa huko miche ya chungwa lenye kitovu lililotoka Bahia, Brazil, lile tunaloliita Washington. Halina mbegu, kwa hiyo michungwa ya Washington iliyoenea California, na baadaye nchi nyingine, ilitokana na macho yaliyokatwa kwenye miti yake. Mmoja wa miti ile ulipooza kitako, mwaka 1918 wataalamu walipanda miche michanga kuuzunguka, wakaingiza ncha za miche hiyo chini ya gome lake zima, juu ya kidonda. Miche ikashika, ikawa miguu mipya. Walifanya hivyo tena mwaka 1951. Mti huo uko hai hadi leo, unazaa, na sasa umefunikwa kwa wavu ili ule mdudu wa Kiasia asiufikie.

Jambo hilo unaweza kulifanya uani kwako. Otesha mbegu tatu nne za danzi, maana danzi haliozi kitako upesi. Lakini kumbuka tristeza, inayoweza kukaa ndani ya mchungwa bila dalili. Ukiwa na shaka nayo, tumia miche ya mlimau na uhakikishe maji hayasimami. Miche ikifika unene wa penseli, ipande hatua nusu kutoka kwenye shina, kila upande wenye kidonda mmoja, inamisha ncha yake, ichonge upande mmoja, iingize chini ya gome zima wakati wa mvua, gongea kijimsumari chembamba, funga. Na machipukizi ya miche hiyo yavunje kila yanapotoka, kwa sababu sasa una wapangaji wengine watatu au wanne.